Maji Yanayopanda Kioo

Mvua ya Prince Rupert, mji wa pwani ya Kanada, haiji wala haiondoki. Inakaa tu, kama shemeji aliyesema atalala siku mbili. Ragnhild Aasen alikuwa ameishi nayo miaka sabini na minane. Alimzika mume ndani yake, akalea binti ndani yake, na hata siku moja hakuinung'unikia. Lakini miaka miwili hii mvua ilianza kumficha barabara. Taa za magari yaliyomjia zilivimba kama viini vya mayai, mstari wa katikati ukawa maziwa. Akapunguza mwendo. Themanini ikawa sitini, sitini ikawa arobaini, mpaka malori ya magogo yakawa yanampigia honi nyuma kama yanasindikiza bibi harusi.

Habari zikamfika binti yake Maren huko Terrace, mwendo wa saa moja na nusu ukifuata mto Skeena. Akapiga simu.

"Mama, Jumamosi nakuja. Utaniendesha mpaka pale kwenye maegesho ya mtoni. Nikiona huoni, ufunguo naondoka nao."

"Na mimi utaniacha hukohuko mtoni?"

"Mama, sitanii."

"Hilo ndilo tatizo lako tangu uzaliwe."

Akakata simu. Bila gari angekuwa mzigo wa kubebwa: kanisani kubebwa, dukani kubebwa, kwa rafiki zake watatu waliobaki kubebwa. Na lililomuuma zaidi ni kwamba Maren alikuwa na haki. Haoni.

Alhamisi akaenda kulisema jambo hilo kwa mtu mmoja tu, mzee Wilfred Tait, Mnisga'a, mmoja wa wenyeji wa asili wa pwani ile, mwenye nyumba ya mazishi, aliyecheza naye karata kila wiki.

"Macho yangu yamekwisha, Wilfred."

Wilfred hakumpa pole. Pole alikuwa anatoa kazini. "Nyumbani unasoma?"

"Gazeti zima. Mpaka matangazo yako."

"Ukitembea kwa miguu?"

"Naona. Wiki iliyopita nilikuona ukiificha karata ya bibi wa kopa chini ya sahani ya biskuti."

Mzee akakohoa kidogo. "Basi hayo macho ni mazima kupita kiasi. Twende nikaone gari."

Akapitisha kidole kwenye kioo cha mbele, akakinusa kidole, akauliza, "Unapaka ile dawa ya kufukuza maji?"

"Kila Novemba. Mwaka wa tisa huu."

"Ya zamani unaitoa kwanza?"

Ragnhild akatazama viatu vyake.

"Na unapaka kioo kikiwa kikavu?"

"Kikavu nitakitoa wapi mji huu?"

Hapo alisema kweli. Watu wa Rupert hupaka dawa hiyo chini ya kibaraza cha duka, kati ya manyunyu na manyunyu, kwa mkono wa sweta. Wilfred akatikisa kichwa. "Mama Maren, umepaka losheni juu ya losheni miaka tisa bila kuoga. Hicho si kioo, ni ukurutu."

Gereji kavu yenye joto, tena kubwa, mjini ilikuwa moja, nayo ilikuwa ya gari la maiti. Wilfred akalisogeza ukutani, akamwashiria Ragnhild aingize lake.

"Wateja wangu wote huingia humu wamelala," akasema. "Wewe wa kwanza kuingia umekaa. Usizoee."

Wakafanya kazi asubuhi nzima. Sabuni kwanza, kisha siki, kisha unga laini wa kung'arishia uliolowekwa, wakasugua mpaka mabega yakalia. Wilfred akamwaga kikombe cha maji juu ya kioo. Maji yakatandaa, lakini sehemu moja, mbele ya kiti cha dereva, yakapasuka yakakimbia. "Pale bado. Maji yakikikumbatia kioo chote bila kuruka mahali, ndiyo kimekuwa uchi." Wakasugua tena, wakamwaga tena, mpaka maji yakalala kama shuka. Wakakausha. Ndipo wakapaka dawa kwa miduara midogo, wakasubiri ipate ukungu, wakaifuta kwa kitambaa safi, wakarudia. Mpira wa waipa nao ukafutwa kwa spiriti, maana ulikuwa umebeba uchafu wa miaka yote ile.

"Na usikipeleke tena kule wanakoosha magari kwa nta," Wilfred akasema.

Jumamosi mvua ilikuwa pale pale ilipoachwa. Maren akakaa kiti cha abiria, mkoba mapajani, midomo imebana. Ragnhild akatoka mjini kwa arobaini. Kila waipa zilipofuta, matone mengine yalikaa juu ya kioo, duara duara, hayatoki. Akawaza, nimekwisha.

Akakanyaga mafuta. Kwenye sitini matone yakaanza kutetemeka. Kwenye themanini yakaondoka.

Hayakushuka. Yalipanda. Yalikimbia juu, moja likimvuta jingine, yakapita paa kama watoto waliosikia kengele ya kutoka. Ragnhild alijua tangu kuzaliwa kwamba maji hushuka. Baharini hushuka, machoni hushuka. Haya yalipanda. Akanyoosha mkono, akazima waipa.

"Mama, washa waipa."

"Za nini?"

Maren akainua macho. Mbele yao ni kama hapakuwa na kioo. Milima ilisimama pande zote mbili, myeusi, na kutoka kila ufa maporomoko meupe yalining'inia, kumi, ishirini, mengine membamba kama nyuzi. Ragnhild alikuwa amepita hapo mara elfu. Miaka miwili alidhani yamekauka, akaona aibu kuuliza.

Wakaenda hivyo kilomita thelathini.

Kwenye maegesho ya mtoni akasimamisha gari. "Sasa nipime," akasema, sauti haina mzaha. "Nilikuwa sioni, mwanangu. Nilikuficha. Kule ng'ambo kuna sili wamefuata samaki. Ninahesabu vichwa vitano. Kama nimekosea, ufunguo huo hapo."

Maren akainama mbele, akahesabu kwa kidole. "Vinne."

Ragnhild akaonyesha gogo la ng'ambo kwa kidevu. Kichwa cha tano, kilichokuwa kimezama, kikaibuka karibu nalo, kinameremeta.

"Vitano," Maren akasema polepole.

Juu ya kioo matone yalikuwa yametulia, na kila tone lilibeba mlima mzima, kichwa chini. Maren aliyatazama kwa muda mrefu. Kisha akauondoa mkoba mapajani, akauweka chini miguuni.

"Haya, turudi. Ila endesha polepole."

"Polepole hayapandi," mama yake akasema, akawasha gari.