Zawadi ya Makokha

Makokha alishuka kwenye gari lake dogo, akaenda kusimama karibu na ua wa michongoma, upande wa pili wa uwanja wa chuo chetu hapa Bungoma. Nyuma ya pikapu iliyomtangulia, Wanjala, mpakizi kutoka Kitale, alikuwa ameegemea kasha la chuma kama mtu aliyepata mto. Akainuka, akalishusha amelikumbatia tumboni, jasho likimchuruzika.

"Weka pole pole," Makokha akapaza sauti kutoka kule kule kwenye ua.

Hapo ndipo nilipojiuliza kwa nini hakaribii.

Mimi na Makokha tulisoma fizikia darasa moja. Tulifundishwa kwamba kinga ya kwanza dhidi ya mionzi ni kukaa mbali. Yeye akawa injinia wa kampuni iliyokuwa ikibomoa kiwanda cha mbao Kitale. Mimi nikawa mwalimu. Wiki iliyotangulia alinipigia simu. "Nabwile, nina mashine za kuwapa. Si nyinyi mna nafasi?" Kila kampuni ilikuwa na namna yake ya kukabidhi vifaa, sisi hatukuwa na yoyote. Mkuu wetu aliona zawadi tu. Akaagiza soda, na kwaya ikafundishwa wimbo.

Nilikimbilia kipimo cha mionzi maabara. Kilianza kulia kabla sijalifikia kasha. Lilikuwa limetolewa kwenye mashine ya kupima unene wa mbao, na ndani yake mlikuwa na madini ya mionzi. Kilango chake cha kuzuia mionzi hakikuwa kimefungwa. Niliwaondoa watu wote uwanjani, kisha nikamfuata Makokha.

"Ulijua," nikamwambia.

"Hakuna mtu anataka kitu kama hicho, Nabwile. Mngekitupa stoo, basi, kiishe."

Nikampa kisogo, nikawapigia simu wakaguzi wa mionzi wa serikali.

Walikuja wakalifunga kasha, wakalichukua. Wanjala alilazwa apimwe damu. Nilipomweleza alichokuwa amekumbatia, alicheka kidogo.

"Mimi nilidhani ananikwepa juu ya jasho. Alikataa kupanda na sisi, akakuja nyuma, mbali. Nikasema, ati nanuka. Njia yote nilikuwa naona aibu, mwalimu."

Damu yake haikuonyesha ubaya. Daktari alimwambia awe akirudi kupimwa.

Sasa mashirika ya huku yamekubaliana utaratibu mmoja: mtoaji na mpokeaji wapime pamoja, wabebaji waelezwe wanachobeba, na kifaa kisihame kabla haijajulikana nani anawajibika kwacho. Ni utaratibu mzuri. Nilipigania kila neno lake.

Siku ya kuuzindua, waliomba Makokha ausome mbele ya wageni, kwa kuwa, walisema, ana uzoefu. Alisoma vizuri, bila kukwama. Nilipiga makofi pamoja na wengine, kisha nikatoka nje kutafuta maji ya kunawa mikono.