Mama Mkwe Anashuka kwa Parachuti

Usiku wa kuamkia jana, Mukhwana, fundi cherehani wa Kitale, alijikuta usingizini ameketi mstari wa mbele kwenye mashindano ya kuruka kwa parachuti. Alikuwa amevaa suti ya harusi yake, na kiti alichokalia kilikuwa kikipumua.

"Usijitingishe sana," kiti kilisema. "Mimi pia natazama."

Mwamuzi, bata mzinga aliyefunga tai, alipanda jukwaani akasoma kanuni. Ilikuwa moja tu: mshindani hushuka kwa macho ya mtazamaji wake. Akitazamwa, anashuka. Asipotazamwa, anasimama papo hapo alipo, hewani.

"Kuna swali?"

Hakukuwa na swali. Ndege ilipita juu.

"Mshindani wa kwanza ni Mama Nasambu, miaka sitini na minane," bata mzinga alitangaza. "Mtazamaji wake ni mkwewe, Mukhwana."

Kwao Mukhwana, mwanamume hamtazami mama mkwe usoni. Miaka kumi na mmoja ya ndoa, akimsikia Mama Nasambu akikohoa getini, yeye hutokea mlango wa nyuma. Basi akafanya alivyozoea: akainamisha kichwa, akatazama nyasi.

Juu angani mtu anakohoa. Umati unaguna.

"Amesimama," kiti kinanong'ona. "Njiwa wawili wamemkwepa."

"Siwezi kumtazama. Ni mama mkwe."

"Nakuelewa kabisa. Ila ametoa ndizi, anakula. Nadhani anajiandaa kulala huko huko."

Hapo uwanja ukawa sebule ya Mama Nasambu, vitambaa vya kufuma juu ya kila kochi, isipokuwa paa halikuwepo. Watu elfu tatu walibanana kwenye makochi wakiombana radhi. Nasambu, mkewe Mukhwana, akatoka jikoni na birika la chai, akamgeukia mumewe.

"Baba Simiyu, mama yangu atakaa huko mpaka lini? Upepo umegeuka. Atafika Uganda bila kitambulisho."

"Nikimtazama nitamvunjia heshima."

"Na akifika Uganda?"

Bata mzinga alitazama saa yake. "Imebaki dakika moja. Ikiisha, tutamhesabu kuwa wingu."

Nasambu akaweka birika chini.

Mukhwana anasimama. Anafumba macho, anainua kichwa, anafumbua jicho moja. Mama Nasambu anashuka nusu: upande wa kulia unakuja, wa kushoto unabaki, mama wa watu amepinda kama picha iliyoning'inizwa vibaya.

"Yote mawili!" makochi yanapiga kelele.

Anafumbua la pili.

Anamwona. Ana mwanya. Miaka kumi na mmoja, na Mukhwana hakujua kwamba mama huyu ana mwanya. Tena anacheka.

"Baba Simiyu," Mama Nasambu alisema alipofika usawa wa dirisha, "kumbe una sura nzuri tu. Siku zote nilidhani kuna kitu unanificha."

"Hapana, Mama. Ilikuwa ni heshima."

"Heshima nimeipokea. Sasa sogea, nisije nikatua kichwani pako."

Mukhwana hakuwahi kusogea.

Aliamka jua limeshatoka, shingo inamuuma. Nasambu alikuwa amesimama mlangoni, simu sikioni, amekunja uso.

"Ni Mama," alisema. "Sauti imemkauka kabisa. Anauliza kama kiatu chake kimeangukia huku kwetu."

Mukhwana aliketi kitandani. "Cha mguu gani?"

Nasambu aliuliza, akasikiliza.

"Cha kushoto."

Juu ya bati, kitu kikaanza kuserereka. Kilikuja taratibu, kikafika ukingoni, kikadondoka nje ya mlango.