Majina Yaliyovutwa na Mkondo

Ukungu ulishuka kisiwani Chiloé tangu asubuhi. Ulimeza uzio, kisha mnara wa kanisa, kisha ng'ombe wa jirani mmoja baada ya mwingine. Otilia Nahuelquín alikuwa akisinzia kando ya jiko la kuni. Wiki nzima alikuwa kwenye kompyuta akiandika msimbo wa kuchora chati: nguzo moja kwa kila ghuba, na urefu wa nguzo ukionyesha sumu iliyomo kwenye kome wa ghuba hiyo tangu maji yageuke mekundu. Majina ya ghuba yalikuwa marefu, yakapandana chini ya nguzo, basi akayalaza mshazari. Yakaenea. Akachapisha chati, akaibandika kwenye ukumbi wa mtaa, akarudi nyumbani kupumzika.

Usingizini majina yalielea. Aucoyén ilipita polepole mbele yake, kisha Pulhueico, kisha Quetrén, herufi zimelowa na kulegea kama mwani. Hakuna jina lililokuwa na haraka. Hakuna lililojua kwao.

Mburuzo wa viatu vya mpira ukamwamsha. Mama yake, Irma, alikuwa mlangoni na ndoo.

"Unakwenda wapi, mama?"

"Maji yamekupwa. Nakwenda kuokota kome Pulhueico. Shangazi yako Herminda ameshatangulia."

"Pulhueico? Kule kumejaa sumu!"

"Sumu ya wapi? Chati yako nimeisoma mwenyewe. Pulhueico ina kinguzo kama kidole cha mtoto. Au unadhani shule ulikwenda peke yako?"

"Mama, Pulhueico ndiyo nguzo ndefu kuliko zote."

"Basi ukutani umechora nyingine. Twende ukaione."

Ukumbi ulikuwa njiani kuelekea pwani. Irma hakukaa chini wala hakuvua kofia. Aliweka kidole mwanzo wa jina la Pulhueico.

"Herufi hizi si kama kamba za kufugia kome? Zimevutwa na mkondo, zimelala upande. Ukitaka kujua kamba ni ya nani, unaifuata mpaka kwenye boya lake."

Kidole kikapanda taratibu, herufi kwa herufi, kikatokea juu, kulia, chini ya nguzo fupi ya Quetrén.

Otilia alihisi kama bado yuko ndotoni. Aliyainamisha majina, lakini aliyaacha yameshikwa katikati. Kiuno cha jina kilikaa chini ya nguzo yake, na ncha yake ikaegemea kwa jirani. Ilitakiwa ishikwe ncha. Kosa lilikuwa namba moja tu ndani ya msimbo.

"Hiyo ni Quetrén, mama. Nimekosea mimi."

Irma alimtazama. "Na Herminda anabeba limau mfukoni. Anawala wabichi palepale."

Wakatoka mbio. Pwani haikuonekana, mchanga na mbingu vilikuwa rangi moja, na sauti zao zilirudi laini kana kwamba zimefungwa kwenye sufi.

"Shangazi Hermindaaa! Usile!"

"Nani anayenikataza chakula?" ukungu ukajibu.

Walimkuta amechutama, ndoo imejaa, limau limeshakatwa.

"Umekula?" Irma alifoka.

"Ningekula na nini? Chumvi nimesahau. Kwani vipi?"

"Wana sumu. Mwanangu ameandika majina kombo."

"Nitawachemsha sana."

"Haitoki hata ukichemsha, shangazi," Otilia alisema.

Herminda aliitazama ndoo yake kwa uchungu. "Mgongo wangu wote huu, kwa sababu ya jina lililoinama?" Kisha akaipindua. Kome wakamwagika majini, weusi, wakizama mmoja mmoja pasipo kelele.

"Wewe rudi ukazirekebishe kamba zako," Irma alimwambia bintiye. "Ubandike upya kabla maji hayajarudi. Sisi tunabaki kuzuia watu."

Otilia akageuka. Hatua chache tu, wale wawili wakayeyuka nyuma yake. Alichosikia ni mama yake akigonga ndoo tupu kwa jiwe, na mahali fulani ndani ya weupe ule, wanawake wengine wakicheka, wakija.