Uso Mweupe Juu ya Mabati

"Shuka uoshe uso!" Murunga, msimamizi wa kazi, alifoka kutoka chini. "Mwenye nyumba hataki mtu kama wewe juu ya paa lake."

Kageha alikuwa amepiga magoti kwenye mabati, misumari mitatu midomoni. Akautwanga mmoja mpaka ukazama, kisha akaitema miwili iliyobaki kiganjani.

"Mtu kama mimi ni mtu gani?"

"Mama Tryphosa amekuona alfajiri kupitia dirisha. Uso mweupe pe, unatambaa juu ya kenchi za paa. Anasema ni jivu. Anasema kwao, wenye kujipaka jivu wanajulikana."

Hasira ilimpanda Kageha kama maziwa yaliyosahauliwa jikoni.

Miaka sita alikuwa amepigilia mabati, kutoka mtaa wa Huruma hadi mji mdogo wa Ziwa. Jua la Eldoret ni jua mnafiki. Upepo wa baridi unakupepea, nalo linakuchoma taratibu, kwanza kutoka juu, halafu kutoka kwenye mabati yenyewe. Mashavu yake yalikuwa yameota mabaka meusi yanayowasha. Daktari wa ngozi alimwambia ajipake kinga ya jua kila asubuhi, hata siku ya mawingu, au abadilishe kazi. Abadilishe kazi! Kana kwamba kazi ni leso.

Mara ya kwanza alichagua kwa ajili ya macho ya watu. Alinunua ile laini, yenye marashi, isiyoonekana usoni. Siku ya tatu jasho likaiteremsha machoni mwake. Alikuwa kileleni mwa paa, na dunia ikageuka moto na maji. Aling'ang'ania boriti, akasikia nyundo yake ikibingirika, ikimtangulia chini.

Alirudi kwenye duka la dawa macho mekundu. Muuzaji, Marion, akamtolea ya zinki.

"Hii inakaa juu ya ngozi, haikimbilii macho. Lakini itakuacha mweupe, dada. Wengi wanaikataa."

"Mimi siendi harusi."

Aliipaka nyuma ya mkono, nzito kama uji wa mtoto, akaunyoosha mkono juani pale mlangoni, akangoja mpaka jasho likatoka. Haikutiririka. Akaichukua.

Sasa alitia ile misumari mfukoni, akashuka ngazi, vidato viwili viwili. Mama Tryphosa alikuwa amesimama kwenye mlango wa kibanda alichokaa akingoja nyumba yake iishe, shuka mabegani, mkono kwenye komeo.

"Habari ya asubuhi, Mama."

"Simama hapo hapo."

"Mama, hata kwetu Maragoli tunawajua hao wachawi. Wanakimbia usiku, tena uchi. Umewahi kusikia mmoja akiitisha misumari?"

Kibarua mmoja aliangua kicheko. Murunga akamkazia macho, kikafa.

Kageha alivuta pembe ya leso yake akafuta shavu moja. Baka likajitokeza, jeusi, limechubuka kingoni.

"Hili si jivu. Hili ni bati. Shika."

Mama Tryphosa aligeuza uso. "Sijasema wewe ni mchawi. Nimesema unatisha."

"Na shavu hili halikutishi?"

Mama Tryphosa alivuta shuka mabegani.

"Kageha," Murunga alilainisha sauti, "si utafute tu ile haionekani? Kuna haja gani ya vita?"

"Ile haionekani nusura iniue. Nikianguka mtasema nini, marehemu alikuwa anapendeza?"

"Basi osha. Ukipanda na hiyo kitu, mimi sikujui. Utapigilia peke yako, hakuna wa kukupa misumari."

Kageha alitoa kichupa cha zinki mfukoni. Alikikamua mpaka kikakohoa, akapaka lile shavu alilofuta, mara hii nene zaidi, kutoka sikioni hadi puani, polepole, mbele ya wote, kama mtu anayekandika ukuta wa nyumba yake. Kisha akapanda.

Juu, jua lilikuwa limeshafika kwenye mabati. Alipigilia msumari wa kwanza, akapigilia wa pili. Kiganja kikabaki kitupu.

"Misumari!"

Hakuna aliyesogea. Alilala kifudifudi ukingoni, akateremsha mkono wake, vidole vyeupe vimefunguka hewani, akauacha hapo.

Chini, kopo la misumari lilitikisika kidogo mkononi mwa yule kibarua aliyecheka, likanyamaza.