Nusu Meza ya Mwalimu

Fundi Kobe aliitwa Kobe kwa sababu hakuwahi kuharakisha kazi, na pia kwa sababu ukimkosoa kichwa kiliingia ndani na hakikutoka mpaka uondoke. Siku mama wa mchumba wake alipomkabidhi mchoro wa meza, pamoja na ubao mmoja mpana ulioachwa na marehemu mumewe, Kobe aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa yote. Hakuwa ameelewa yote.

Mama huyo alifundisha uchoraji wa kiufundi mpaka akastaafu, na mtaa mzima bado ulimwita Mwalimu. Hakusema kwamba meza ni mtihani. Alisema tu, "Ukimaliza, ndipo tuzungumze habari za harusi." Ni yale yale.

Karakanani, Kobe aliukunjua mchoro. Mistari minene aliijua, ndiyo kingo. Lakini katikati ulipita mstari mwembamba wa ajabu: kipande kirefu, nukta, kipande kirefu, nukta.

"Muulize mama," mchumba wake alimshauri. "Kuuliza si ujinga."

"Nimuulize ili ajue bintiye anaolewa na mtu asiyejua kusoma mchoro?"

Akaamua mwenyewe kwamba hapo ndipo pa kukata. Meza ya vipande viwili, alijiambia, hupita mlangoni bila taabu. Akashika msumeno, akaupasua ubao wa marehemu kwa unyoofu ambao yeye mwenyewe aliufurahia.

Jioni yeye na mchumba wake walizipeleka nusu mbili kwa Mwalimu, wakaziegemeza ukutani. Mwalimu alizitazama, akautazama mchoro.

"Mwanangu, mstari huu unasemaje?"

"Unasema kata, mama."

"Unasema hapa ni katikati, pande zote mbili zinalingana. Basi. Habari za msumeno haukuzitaja."

Ubao ule haukuwa na wa pili. Kichwa cha Kobe kilianza kuingia ndani. Tayari alikuwa anatafuta namna ya kuulaumu wino. Kisha akamwona mchumba wake ameinamisha uso, akakitoa tena kichwa.

"Sikujua, mama. Niliona haya kukuuliza. Nisamehe."

Mabega ya Mwalimu yakaanza kutikisika kwa kicheko. "Nimefundisha mpaka mvi. Wapo waliochora nyumba isiyo na mlango. Lakini wa kuichinja meza kwa mstari wa katikati, wewe ndiye wa kwanza." Akamsogezea penseli. "Haya, nichoree meza mbili ndogo, zinavyoonekana kutoka juu. Miguu usiisahau."

Kobe alichora kingo kwa mistari minene. Alipofika kwenye miguu alisita sana, kisha akaichora kwa vistari vilivyokatikakatika.

"Mbona miguu umeikatakata? Msumeno umekuzoea?"

"Ipo, mama, ila ubao umeifunika. Kutoka juu haionekani."

"Kumbe ndani ya gamba kuna kichwa." Mwalimu aliupitisha mkono juu ya ubao wa mumewe, taratibu. "Nusu hii ibaki hapa. Ile mtakwenda nayo kwenu."

"Na wewe mama, nusu itakutosha?"

"Nitakuwa peke yangu, itanitosha," alisema. Akakohoa. "Mkija kula kwangu, mje nayo. Na uibebe wewe."