Kidonda Kilichotabiri Mvua

Fundi Pini alikuwa na kidonda ndani ya shavu la kushoto, na usidhani alikionea haya. Alikionea fahari! Miaka kumi na minne alishona huku pini saba zimejipanga mdomoni, upande uleule, vichwa nje, ncha ndani, na ncha hizo zilimchoma palepale kila siku ya Mungu. Kidonda kikitaka kupona, zinakichoma. Kikijaribu tena, zinakichoma tena. Mwisho kikaona isiwe taabu, kikahamia moja kwa moja.

Tena kilikuwa na kazi. Kikiwasha asubuhi, jioni mvua. Aliyegundua hayo ni rafiki yake dobi, wa mlango wa pili, ambaye hakuanika hata leso kabla ya kuchungulia dirishani.

"Fundi, shavu linasemaje?"

"Linawasha."

Basi dobi anaanika ndani. Siku nyingine jua liliwaka mpaka magharibi, lakini nani alijali? Mapenzi ni upofu, na dobi alikipenda kile kidonda.

Mkewe Fundi hakukipenda hata kidogo. "Baba watoto, kidonda gani hakiponi tangu kitinda mimba wetu hajazaliwa? Mtoto mwenyewe sasa anaota ndevu!"

"Kimeshanizoea, mke wangu."

"Hata panya huzoea nyumba."

Fundi akacheka. Ila asubuhi moja ulimi wake ulipita pale ukakuta pembeni pamekuwa pagumu, kama pindo la suruali. Wiki tatu hakumwambia mtu, huku ulimi ukienda na kurudi, mpaka mkewe akamkuta anatafunia upande mmoja. Mama wa watu hakugombana. Aliuchomoa mkanda wa cherehani, akajifunga kiunoni.

"Ukitoka kwa daktari wa meno, nitaufungua."

Fundi bila cherehani ni mtu wa kukaa tu. Akaenda. Dobi naye akafuata nyuma, eti jambo lenyewe linamhusu.

Daktari alikuwa binti mdogo mwenye sauti ya mwalimu mkuu. "Fungua mdomo, mzee. Zaidi. Yarabi! Hizi ni nini?"

Pini mbili. Mazoea yana taabu, alikuja nazo.

Zikatolewa. Daktari akamulika, akabonyeza, akaacha kutabasamu.

"Mzee, mwili ukichomwa hutuma mafundi wake. Panakuwa pekundu, panavimba, panapata joto, wanashona chembe mpya za mwili, halafu wanarudi kwao. Wako hawajarudi miaka kumi na minne. Wanashona mbio mbio, na sumu wanazopigania vijidudu zinawamwagikia wenyewe kazini. Unadhani hawawezi kukosea kukata?"

Fundi akakumbuka. Mwaka wa sare za kwaya, kwa haraka zake, alikata karatasi ya kipimo vibaya, mkono wa kushoto wa shati ukawa mfupi kwa upana wa vidole vinne. Hakukagua. Akaifuata karatasi ile ile mara arobaini. Wanakwaya walisimama mbele za watu, vifundo arobaini vya mikono ya kushoto viko nje, wakaimba hivyo hivyo.

"Chembe moja ikikosewa," akauliza taratibu, "zinazofuata zinakatwa kwa kipimo kile kile?"

"Kile kile. Na makosa yakirundikana, hapo ndipo saratani huanzia. Si kila kidonda hufika huko, mzee. Ila hiki kina ukingo mgumu, na siupendi nikiuona. Nitakata kinyama kidogo kipimwe."

Fundi aliogopa. Hakuwaza kitambaa wala mteja, alimwaza mkewe na ule mkanda kiunoni.

"Daktari, samahani," dobi akadakia kutoka mlangoni. "Mkikiondoa chote, mvua tutaijuaje?"

"Huyu ni nani?"

"Simjui," akasema Fundi.

Siku kumi za kungoja majibu zilikuwa ndefu kuliko miaka kumi na minne. Mkewe alirudisha mkanda, akamshonea na kimto kidogo cha kuvaa mkononi, cha kuchomekea pini. Fundi akashona vibaya, akafumua, akashona tena. Majibu yakaja: chembe zimeanza kwenda upande, lakini bado hazijawa saratani.

"Ungekaa mwaka mwingine, sijui leo ningekuambia nini," daktari akasema. Akakiondoa chote, na kumwonya: pini mdomoni, marufuku, na kila baada ya miezi mitatu aje akaguliwe.

Shavu likapona. Ijumaa moja dobi akachungulia dirishani.

"Linasemaje?"

"Halisemi kitu."

Dobi, kwa furaha, akaanika shuka za mtaa mzima. Saa tisa ikashuka mvua, mvua gani! Dobi akakimbia huku na huko akipiga mayowe, na mkewe Fundi, aliyetoka kumsaidia, akasimama katikati ya uwanja, analowa, anacheka, analia.

"Shemeji, shuka zinalowa!"

"Zilowe! Shuka zitakauka!"

Fundi alikuwa dirishani na pini mkononi, imeshafika karibu na midomo. Akamwangalia mkewe pale mvuani. Akaichomeka kwenye kimto, akatoka kwenda kuanua.