Wamalwa Aamka kwa Ajili ya Toniki

Mwili wa Wamalwa ulifika Bumula kutoka Kitale Ijumaa alasiri, mwezi wa Agosti 2004, na kabla jua halijatua Mukhisa, mdogo wake, alikuwa ameshafungua chupa ya jin. Marehemu alikuwa meneja wa hoteli na hakuwahi kunywa kitu kingine, kwa hivyo familia iliona ni heshima. Mukhisa alimimina jin nusu jagi, akajazia soda ya toniki iliyoshinda juani ndani ya gari, akatupia kipande kimoja cha barafu na kukoroga kwa mwiko wa ugali.

Wamalwa akaketi ndani ya jeneza.

"Mukhisa, unachanganya ama unasonga?"

Pasta alisogeza kiti ili marehemu apate nafasi ya kunyoosha mkono.

"Barafu ijae glasi kwanza," Wamalwa alisema. "Kipande kimoja kinayeyuka tu, unakunywa maji. Jin kidogo, toniki nyingi, tena baridi, chupa ifunguliwe saa hiyo hiyo. Na usikoroge hivyo bana, unamaliza gesi."

Jirani alitumwa Bungoma kuleta barafu. Walipokuwa wakingoja, mke wa Wamalwa, Phelista, alisogea karibu na jeneza. Asubuhi hiyo Mukhisa alikuwa ametangaza kwamba nyumba ya Kitale, ambayo Phelista aliijenga kwa faida ya duka lake la vitambaa, sasa ni ya ukoo.

"Baba Joan, kwa vile umeamka, si uwaambie nani alijenga ile nyumba."

Wamalwa aliwatazama ndugu zake, kisha akatazama sahani ya ndimu.

"Mama Joan, hayo mtaelewana na Mukhisa. Mimi nimekufa, siwezi kuingilia mambo ya watu. Hii ndimu ilikatwa lini?"

"Jana," akajibu Mukhisa.

"Si unaona!"

Phelista alitamani kumzaba kofi, lakini marehemu hapigwi mbele ya wageni.

Barafu ilipofika, Wamalwa alichanganya mwenyewe, akanywa, akashukuru, akalala tena. Wote walikubaliana kwamba jin ilikuwa nzuri sana. Pasta, aliyeomba glasi ya pili, alihubiri kesho yake kwamba ni wachache wanaojali wageni kiasi hicho.

Baada ya mazishi, Phelista alikuwa nyuma ya jikoni akiosha vyombo. Mukhisa alimfuata kuchukua ufunguo wa Kitale.

"Shemeji, usinikasirikie. Mwenyewe aliamka na hakupinga."

Phelista alikausha mikono kwanza, ndipo akampa.